Binti yuko darasa la 11, anataka West Point au Annapolis: tuanzie wapi?

Mama_Zawadi

Habari zenu wana jamvi. Tunaishi Columbus, Ohio. Binti yetu ana miaka 16, yuko darasa la 11, na ameshikilia kwamba anataka chuo cha maafisa wa jeshi. Anataja West Point na Annapolis, ila akipata kingine hatakataa. Kazaliwa Mwanza, kaja hapa akiwa na miaka tisa, ana grini kadi. Baba yake ameapa uraia mwaka jana, mimi bado.

Wastani wake wa shule ni 3.8. Mtihani wa kuombea chuo, SAT, mara ya kwanza kapata 1290, hesabu 620. Anakimbia mbio za kati timu ya shule. Alipokuwa na miaka 12 au 13 daktari alimpa dawa ya kuvuta kwa ajili ya kifua, hajaitumia tena tangu hapo.

Naomba kujua: grini kadi inatosha? Hii barua ya uteuzi ya mbunge inapatikanaje kwa watu kama sisi tusiojuana na mbunge yeyote? Na hicho kifua kitamzuia? Tuko Februari, sijui kama tumechelewa.

---

mtaa_wa_saba

Hamjachelewa, Februari ya darasa la 11 ndiyo wakati wenyewe. Ila kabla hujagusa kitu kingine, malizeni uraia.

Grini kadi haitoshi. Siku ya kuripoti, yaani mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai ya mwaka wa kuingia, lazima awe raia wa Marekani, awe ametimiza miaka 17, hajaolewa, si mjamzito, na hana mtoto anayemtegemea kisheria. Lakini kwa ulivyoeleza, binti yako yawezekana ni raia tayari. Kuna sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001: mtoto wa chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi aliye raia, anakuwa raia papo hapo mzazi anapoapa. Haapi mwenyewe, wala hajazi N-400, fomu ya kuomba uraia. Anachokosa ni karatasi ya kuonyesha.

Karatasi ziko mbili. Moja ni pasipoti ya Marekani, kwa fomu DS-11. Nyingine ni cheti cha uraia, kwa fomu N-600. Anzeni na pasipoti kwa sababu inatoka mapema na ada yake ni ndogo. Mtakwenda na cheti cha uraia cha baba, grini kadi ya binti, na cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la baba, na cheti cha ndoa yenu. Kama wazazi hawaishi pamoja, ongezeni hati ya malezi. N-600 ifuate baadaye mkijaliwa, maana pasipoti huisha muda na cheti hakiishi.

Sasa jambo linalowaponza sana watoto wetu: majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina majina matatu, grini kadi ina mawili, shule imelifanya jina la babu kuwa la katikati, SAT ameandikishwa kwa jina analoitwa nyumbani. Mfumo wa chuo ukipokea alama za SAT za jina tofauti na la maombi, hauziunganishi. Zinabaki zinaelea na faili linasomeka halina mtihani. Chagueni jina moja, lile litakalokuwa kwenye pasipoti, mkalisahihishe shuleni na kwa College Board, wenye SAT, sasa hivi, kabla ya mtihani unaofuata.

Kuhusu Tanzania: mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Mzungumzie hilo mezani mapema, alijue kabla hajatimiza 18.

---

Nahodha_Mst

Nashika hapo kwenye barua ya mbunge, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Mnaomba vitu viwili kwa mpigo, na kimoja hakimsubiri mwenzake. Kwanza ni maombi ya chuo chenyewe. Pili ni uteuzi. Vyuo viko vitano: West Point ya jeshi la nchi kavu, Annapolis ya wanamaji, Colorado Springs ya jeshi la anga, Kings Point ya meli za biashara, na New London ya walinzi wa pwani. Vinne vya kwanza vinataka uteuzi. Cha walinzi wa pwani hakitaki, kinaangalia ushindani tu, kwa hiyo ni kosa kukiacha.

Uteuzi si upendeleo na hauhitaji kujuana na mtu. Ni maombi kama mengine, yana fomu na tarehe. Kila mbunge na kila seneta anaruhusiwa kuwa na wanafunzi watano kwa wakati mmoja katika kila kimoja cha West Point, Annapolis na Colorado Springs, na nafasi ikiwa wazi anapeleka orodha ya majina. Binti yako ana milango mitatu: maseneta wawili wa Ohio, na mbunge wa wilaya yenu, ambaye mtampata kwa kuingiza anwani kwenye tovuti ya Bunge. Aombe kote kutatu. Mlango wa nne ni Makamu wa Rais, ambaye huteua kutoka nchi nzima. Nafasi zake ni chache mno lakini kujaza hakugharimu kitu. Kings Point haimpokei mteule wa Makamu wa Rais, inachukua wa wabunge na maseneta tu. Uteuzi wa Rais msiupotezee muda, ule ni wa watoto wa wanajeshi wa muda mrefu.

Ofisi nyingi hufungua fomu majira ya kuchipua na kufunga kati ya Septemba na Novemba. Hazifanani. Moja inataka barua tatu za mapendekezo zitumwe na waandishi wenyewe, nyingine inataka mbili ndani ya bahasha iliyofungwa. Moja inataka insha ya maneno 500, nyingine 300. Nyingi zinauliza upange vyuo kwa mfuatano wa unavyovitaka, na baadhi hukuteua kwa kile cha kwanza tu. Katika majimbo mengine ofisi za maseneta na wabunge hukaa pamoja zikagawana majina, ili mtu mmoja asipate uteuzi mara mbili huku mwingine akikosa. Kwa hiyo asiandike mfuatano mmoja kwa seneta na mwingine kwa mbunge, wataona.

Fungueni daftari, kurasa nne, kila ofisi ukurasa wake: tarehe ya mwisho, barua ngapi, nani anaandika, imetumwa lini, imethibitishwa kupokelewa lini. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mwalimu anakwambia "nimeshatuma", ofisi haijaiona, na mwombaji ndiye anayekatwa. Wiki mbili kabla ya mwisho binti apige simu mwenyewe ofisini. Asipigiwe na mama. Wafanyakazi wa ofisi wanaona tofauti, na wengine huandika.

Usaili huwa Oktoba hadi Desemba, mbele ya jopo la wakazi wa eneo, mara nyingi wamo maafisa wastaafu. Dakika 15 hadi 20. Maswali hayabadiliki sana: kwa nini uwe afisa, kwa nini chuo hiki na si ROTC, yaani mafunzo ya uafisa kwenye chuo cha kawaida, utafanya nini ukikosa, eleza ulipowaongoza watu na mambo yakaenda kombo. Jibu linaloua faili ni "nataka kusoma bila kulipa". Ni kweli West Point na Annapolis hakuna ada na wanalipwa posho ya mwezi, lakini anachosaini ni miaka mitano ya utumishi wa moja kwa moja, na jumla ya wajibu ni miaka minane. Jopo linataka kusikia kwamba anaitaka ile miaka mitano.

Majina yanapelekwa vyuoni hadi tarehe 31 Januari.

---

Nesi_Tacoma

Dada, suala la kifua. Uchunguzi wa afya unaendeshwa na bodi iitwayo DoDMERB. Chuo kikiona faili lina matumaini kinamfungulia binti uchunguzi, kampuni yenye mkataba inampangia daktari na mtaalamu wa macho karibu na kwenu, hamlipi. Matokeo ni matatu: amefaa, wanataka maelezo zaidi, au hakufaa. Hilo la tatu bado si mwisho, kwa sababu kuna msamaha wa kiafya. Ila msamaha unaombwa na chuo. Mzazi hauombi, wala daktari wenu. Na chuo humwombea yule kinayemtaka.

Kwenye pumu mstari umechorwa siku ya kutimiza miaka 13. Pumu au mbano wa kifua baada ya siku hiyo unamkosesha sifa mpaka asamehewe. Kabla ya siku hiyo hauhesabiwi. Ndiyo maana "12 au 13" haitoshi hapa. Nendeni kliniki mkaombe rekodi zote, si muhtasari wa ukurasa mmoja: maandishi ya daktari ya kila ziara, tarehe ya kuandikiwa dawa, na orodha ya duka la dawa ya lini ilichukuliwa mara ya mwisho. Someni neno lililoandikwa. Mara nyingi mtoto ana kikohozi cha mafua, daktari anaandika "pumu" ili bima ilipie dawa ya kuvuta, na neno hilo linabaki kwenye faili milele.

Ikionekana ni baada ya 13, mwoneni daktari wa mapafu afanye kipimo cha kupumua, na akiona inafaa, kile cha kuvutishwa methakolini kinachoonyesha kama njia za hewa zinabana. Kipimo safi pamoja na miaka mitatu ya kukimbia bila dawa ni hoja nzito ya msamaha. Msimwombe daktari abadilishe rekodi ya zamani. Anachoweza kufanya kihalali ni kumpima leo na kuandika anachokiona leo.

Na msifiche. Kwenye fomu ya DoDMERB ajibu ndiyo panapostahili ndiyo, aeleze kwa sentensi mbili. Kilichofichwa kikijulikana akiwa ndani kinamfukuzisha kwa kukosa uaminifu, hata kama ugonjwa wenyewe ungesamehewa.

La ziada kwa waliozaliwa nyumbani: chanjo ya BCG. Kipimo cha TB cha kuchomwa sindano mkononi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu. Ombeni cha damu, hakidanganywi na chanjo hiyo. Kikionyesha TB iliyolala, atibiwe na mtunze karatasi ya kumaliza dozi, maana bila karatasi hiyo hapiti. Macho nayo: miwani mikali kupita dayopta 8, iwe ya plus au minus, ni kizuizi, na upasuaji wa leza unahitaji siku 180 za kusubiri, kwa hiyo mtu asikimbilie leza darasa la 12.

---

Mama_Zawadi

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimeangalia, kadi ya kliniki inaonyesha dawa aliandikiwa miezi mitatu kabla ya kutimiza 13. Nitafuatilia rekodi kamili.

Sasa mazoezi. Kakimbia maili moja kwa 6:05, ila kwenye chuma hajivuti hata mara moja. Na SAT aendelee kurudia au inatosha?

---

Kocha_wa_Jioni

Maili hiyo iko vizuri sana kwa msichana. Shida iko kwenye chuma na kwenye mpira.

Mtihani unaitwa CFA, vipengele sita kwa mfuatano huu, kikao kimoja: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, mbio za kwenda na kurudi, sitapu dakika moja, pushapu dakika moja, kisha maili. Upeo wa alama kwa wasichana ni futi 66 kwenye mpira, kujivuta mara 7, sekunde 8.6, sitapu 95, pushapu 50, na maili kwa dakika 6. Kwa wavulana ni futi 102, mara 18, sekunde 7.8, sitapu 95, pushapu 75, na 5:20. Hahitaji upeo kote. Anahitaji asiwe na shimo. Sifuri kwenye chuma ni shimo. Msichana anaruhusiwa kuning'inia mikono ikiwa imekunjwa badala ya kujivuta, lakini kujivuta hata mara mbili kunasomeka vizuri zaidi.

Kutoka sifuri: siku tatu kwa wiki, apande kiti, kidevu kiwe juu ya chuma, kisha ajishushe polepole kwa sekunde tano hadi mikono inyooke kabisa. Mara tano, seti tatu. Baada ya wiki sita hivi ajaribu kujivuta kutoka chini. Asibembee wala kupiga mateke, marudio ya namna hiyo hayahesabiwi. Mikono isiponyooka chini pia haihesabiwi, na hapo ndipo wengi wanapoona namba yao imekatwa nusu.

Mpira unawashangaza wakimbiaji kwa sababu miguu haina kazi. Magoti yote mawili chini, mkono mmoja, mpira unapita juu ya bega, majaribio matatu. Siri ni pembe, na kiwiliwili kuzunguka kabla ya mkono. Mpira ukipaa sana unaanguka karibu, ukienda bapa unaanguka mapema. Nusu saa ya kurusha kila wiki inaongeza futi nyingi kuliko kunyanyua vyuma.

Mbio za kwenda na kurudi ni futi 30 mara nne. Muda unapotea kwenye kugeuka. Ainame, aguse, asukume kwa mguu wa nje.

La mwisho, afanye vyote sita mfululizo mara kadhaa kabla ya siku rasmi. Maili ya 6:05 uwanjani ukiwa mpya siyo maili utakayokimbia baada ya pushapu na sitapu. Huwa inaongezeka, na bora aujue mwenyewe mwendo wake mapema. Msimamizi awe mwalimu wa michezo, kocha au afisa wa jeshi, mzazi haruhusiwi. Na apakue maelekezo ya mwaka wake kutoka kwa chuo, amwekee kocha mezani, kwa sababu kocha asiyeyasoma anahesabu kwa mtindo wa shule.

Kama hajui kuogelea, aanze sasa. Hakuna mtihani wa kuogelea wakati wa kuomba, lakini Annapolis wanaogelea miaka yote na West Point nako kuna kozi yake.

---

MwalimuHesabu

SAT arudie, na nguvu aiweke kwenye hesabu. Vyuo hivi vinachukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti, kwa hiyo kurudia hakumharibii. 620 ya hesabu iende 680 au zaidi. Mwaka wa kwanza wote wanasoma kalkulasi na kemia, hata atakayechukua historia, na Annapolis inatakiwa itoe angalau asilimia 65 ya wahitimu wake kwenye sayansi, uhandisi na hesabu. Afanye Mei au Juni, tena Agosti, na Oktoba iwe ya akiba.

Darasa la 12 asilegeze. Kalkulasi, fizikia, Kiingereza cha juu. Mwanafunzi aliyechukua masomo mepesi mwaka wa mwisho ili wastani upande anaonekana waziwazi kwenye nakala ya alama.

West Point wanapima kwa uwiano unaojulikana: masomo 60, uongozi 30, mwili 10. Nahodha amezungumzia usaili lakini hapo kwenye 30 ndipo watoto wetu wanapojidhulumu. Wanaandika timu ya mbio na klabu mbili, basi. Hawaandiki kwamba wanasimamia wadogo zao kila siku baada ya shule, wanamtafsiria bibi hospitalini, wanaongoza kwaya ya vijana kanisani au wanafundisha madrasa, wana kazi ya saa 12 kwa wiki dukani. Yote hayo yaandikwe, kwa saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, na nani alikuwa chini yake. "Kiongozi wa kwaya" haimwambii msomaji kitu. "Huandaa ratiba ya vijana 25, mazoezi mara mbili kwa wiki, miaka miwili" inamwambia.

Waalimu wa kutathmini: hesabu na Kiingereza wa darasa la 11, West Point huongeza kemia au fizikia na wa michezo. Awaombe Mei kabla shule haijafungwa. Septemba mwalimu ana maombi 40 mezani.

Na leo hii, si kesho: ajaze dodoso la awali la West Point na la Annapolis, maana hufunguliwa Januari, na kwa Annapolis ndilo hilo hilo maombi ya semina ya kiangazi, yanayofungwa 31 Machi. Wiki hiyo moja ya Juni chuoni itamwonyesha kama maisha yale anayataka kweli.

---

Ras_Arusha

Samahani kudandia. Mdogo wangu yuko kidato cha sita Arusha, raia wa Tanzania. Naye anaweza kuomba West Point?

---

Nahodha_Mst

Hawezi kuomba mwenyewe. Kila chuo kati ya West Point, Annapolis na Colorado Springs kinaruhusiwa kuwa na wanafunzi wa kigeni hadi 60 kwa wakati mmoja. Mwaliko unapita ubalozi wa Marekani kwenda serikalini, serikali inateua jina, kisha jina linashindanishwa na ya nchi nyingine. Akihitimu anarudi kulitumikia jeshi la nchi yake. Kwa hiyo njia yake inaanzia JWTZ, jeshi la Tanzania, na chuo chake cha maafisa cha Monduli hayuko mbali nacho. Mtu yeyote anayemwambia alipie "wakala wa West Point" ni tapeli.

Mama Zawadi, jambo moja lililobaki: ROTC. Aombe ufadhili wa ROTC wa miaka minne kiangazi hiki hiki, wa jeshi la nchi kavu na wa wanamaji, kwa kutumia insha na alama zile zile. Jopo likiuliza "ukikosa?", atakuwa na jibu ambalo tayari lina namba ya maombi. Pia chuo kikimwona ni mzuri lakini hesabu haijakaa sawa, kinaweza kumpa mwaka mmoja wa shule ya maandalizi. Ya wanamaji iko Newport, Rhode Island. Huko haombi mwenyewe, chuo ndicho humpeleka. Akipewa, asiione ni kushindwa.

---

Mama_Zawadi

Tumeshapata miadi ya posta kwa ajili ya pasipoti, Alhamisi ijayo. Dodoso la Annapolis analijaza sasa hivi, jina amelitumia lile la cheti cha RITA, matatu yote. Shuleni nitapita Jumatatu walirekebishe.